Sanduku la Kwenda kwa Mwajabu

Usiku wa jana niliota nimekalia sanduku langu la safari, nalo linanisukuma nishuke.

"Shuka, mama," linasema. "Mimi ni sanduku, si kigoda."

"Nikishuka utafungika?"

"Sifungiki. Umenijaza kinu."

Ni kweli, nilikuwa nimelitia kinu. Na mchi wake, maana kinu bila mchi ni mjane. Kulikuwa pia na chupa ya mafuta ya nazi, pilipili manga ya uji, na mkaja wangu, kile kitambaa kirefu ambacho marehemu mama alinifunga tumbo kila nilipojifungua. Vyote vinakwenda Norwei kwa binti yangu Mwajabu, ambaye mimba yake ya kwanza iko ukingoni. Nitakaa huko miezi sita. Mkwe wangu Mwinjuma aliniambia kwenye simu, "Mama, njoo upumzike." Mwajabu akampokonya simu, "Mama, njoo unikande." Nikawajibu sawa, nakuja likizo ya kazi, mtajua wenyewe mtakavyonigawana.

"Kinu kitoke," sanduku likasema. "Huko kuna mashine za kusaga."

"Mashine inasaga. Mimi nataka kutwanga."

Hapo akaingia jirani yangu Mama Hilali, bila hodi, kama anavyoingia hata siku nisizoota. Mkononi ana kifurushi.

"Shoga, kidogo tu. Dagaa wa mwanangu Hilali."

"Hilali si yuko Kanada?"

"Basi si huko huko kwenye baridi? Utampitishia."

Akawatia dagaa sandukuni. Kisha akatia mguu. Kisha akatia mguu wa pili, akachutama kando ya kinu, akajifunika kanga.

"Na wewe wapi?"

"Nampelekea mwenyewe. Wewe nakujua, utawala njiani."

Nikamvuta kwa kanga. Hatujamaliza kuvutana, honi ikalia nje. Nikachungulia dirishani. Ndege imeegeshwa nyuma ya choo changu, bawa moja limelalia mihogo, na rubani ametoa kichwa.

"Bibi, fanya upesi! Norwei uchungu umeshamshika!"

Sikumuuliza amejuaje. Mtu anayekaa juu kiasi kile huona mengi. Nilichojua ni kimoja: mwanangu hatazaa peke yake kwenye nchi ya barafu bila mtu wa kumshika mgongo. Nikambwaga Mama Hilali kitandani na dagaa wake, nikalibeba sanduku mgongoni kwa kanga, nikafungua mlango wa nyuma.

Nje hakuna mihogo wala ndege. Ni kliniki ya watoto. Wanawake wamepanga foleni, kila mmoja amelibeba mgongoni sanduku lake, wengine wanalibembeleza lisilie. Kwenye boriti inaning'inia ile mizani ya kupimia watoto, yenye uso wa duara na mshale mmoja.

"Anayefuata," mizani inasema. "Mvishe suruali."

Nikalivisha sanduku ile suruali ya kupimia, nikalining'iniza. Likaanza kulia.

"Kilo ishirini na tatu, zaidi ya hapo hapiti mtu," mizani ikasema. "Amekula nini?"

"Kinu, mchi, pilipili manga, mkaja, mafuta ya nazi."

"Majimaji hayapandi ndege."

Mafuta ya nazi yakasikia. Yakabana pumzi, yakaganda. Mizani ikaigonga chupa.

"Hili jiwe, lipite. Una kitu chenye makali?"

"Ulimi wangu tu."

"Huo safiri nao mdomoni, na usiutoe mpaka utue. Unakwenda kazini au likizo?"

"Vyote viwili."

"Hapa hatupitishi mchanganyiko. Tenganisha. Mkono upi uko kazini, upi uko likizo?"

Nikajitazama mikono. Wa kulia ndio unaotwanga, unaokoroga, unaokanda. Wa kushoto maisha yake yote unashikilia bakuli.

"Basi wa kushoto uende likizo," nikasema kwa utani. Mizani haijui utani.

Mkono wa kushoto ukachomoka kwenye kifundo, polepole, kama mtu anayetoka msikitini hataki kukanyaga viatu vya wenzake. Haukuuma. Haukutoa hata damu ya kulisha mbu.

"Nakushukuru, Bi Semeni," ukaniambia. "Tangu tuzaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza." Ukatembea kwa vidole, ukapotea kwenye miguu ya watu.

Sasa jaribu kufunga zipu kwa mkono mmoja. Ukivuta zipu, sanduku zima linakufuata. Nikalibana kwa goti, nikaligandamiza kwa kidevu, nikaivuta zipu kwa yale meno mawili ninayoyaamini. Honi inalia. Wanawake wa foleni wananihimiza, "Sukuma, mama! Usibane pumzi!" Nikasukuma. Zipu ikafika mwisho.

Mshale wa mizani ukazunguka, ukasimama.

"Umezidisha."

"Nimezidisha nini?"

"Uzito wa mkono mmoja."

Tukafungua. Mkono wa kushoto umelala juu ya mkaja, umejikunja ngumi, unakoroma.

"We! Likizo gani hii ya kulala kwenye mzigo?"

"Na mimi nataka kuiona Norwei," ukajibu bila kufumbua vidole. "Nibaki hapa likizo nifanye nini? Nikutazame?"

"Kitu kitoke," mizani ikasema. "Au mwenye sanduku abaki, kilo zake zifidie."

Nikavitazama vitu vyangu. Kinu kikaangalia pembeni. Mchi ukasema hautaki kuzeekea jikoni peke yake. Mafuta bado yamebana pumzi, yamekuwa meupe pe. Mkaja ulinyamaza tu, kazi yake ni kubana, haijapata kuwa kusema. Halafu, kutoka mbali kabisa, nikasikia Mwajabu anavyohema. Hakuwa ananiita. Alikuwa anahema vile alivyokuwa anahema utotoni akipanda kilima na mzigo wa kuni, hataki kusaidiwa, lakini anageuka kila hatua kuona kama nipo nyuma.

Nikauambia mkono, "Amka. Likizo imefutwa."

"Ulinipa mwenyewe!"

"Nimekunyang'anya mwenyewe. Utakwenda wewe, mimi nabaki."

Vidole vikafumbuka kimoja kimoja. "Bi Semeni, mimi ni wa kushoto. Sijui kukanda."

"Umeshikilia bakuli la maji ya moto nikiwakanda wazazi wa mtaa mzima. Ulikuwa unatazama nini, ukuta?"

Mkono ukafikiri. Nauona unajikuna kwa kidole gumba.

"Nikikosea?"

"Ukikosea atakupiga. Akikupiga, ujue ana nguvu, endelea."

Mizani ikapiga kelele kwamba wa likizo haruhusiwi kufanya kazi. Nikautoa ulimi wangu mdomoni, nikaionyesha. Ikanyamaza. Mkono ukaivuta zipu kutoka ndani, mara moja tu, ikafunga kama haijawahi kuwa na ukaidi.

Kliniki ikaondoka, mihogo ikarudi. Rubani analinyanyua sanduku, ndege inapanda juu ya paa la choo, na mimi nakimbia chini yake nimekunja kanga mpaka magotini.

"Chini ya kiuno!" napiga ukelele. "Taratibu, kwa kiganja, si kwa kucha! Maji yawe ya moto, yasiwe ya kuunguza! Akikwambia acha, usiache!"

Dirishani namwona Mama Hilali amekaa na dagaa wake, ananipungia. Sijui alipandaje.

Nikazinduka. Nimeulalia mkono wa kushoto, umekufa ganzi mpaka begani, wa baridi kama umetolewa kwenye friji. Nikaufikicha kwa mwenzake mpaka damu ikarudi ikichomachoma. Kisha nikajipangusa uso kwa kiganja chake, nikakomea puani.

Kinanukia mtoto mchanga.

Si poda, si sabuni. Ni ile harufu ya utosi wa mtoto ambaye hajaogeshwa. Nimezaa watano, siwezi kuikosea, na ndani ya nyumba hii hajalala mtoto mchanga tangu Mwajabu mwenyewe.

Simu ikalia, namba ndefu ya ng'ambo. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nikaulaza juu ya mto, nikaufunika kanga. Ndiyo kwanza umetoka kazini.