Upande wa Kushoto

Fundi wa paa alikuwa amekaa kitandani, si kwa kupenda, bali kwa sababu kila alipojilaza pumzi ilimkataa. Asubuhi hiyo alikuwa ameteleza kutoka juu ya nyumba ya watu akaangukia matofali, na mbavu zake za kushoto zilikuwa zimevunjika. Mkewe alisimama nyuma yake, amemwegemeza kifuani, akimfuta jasho kwa ncha ya mtandio. Wodi ya wanaume ilikuwa imefurika. Aliyetaka kufika kitanda kile alilazimika kuruka miguu ya wagonjwa waliolazwa sakafuni.

Daktari aliyeinama mbele yake alikuwa binti mdogo wa mwili na wa cheo. Alikuwa katika mwaka wa mafunzo ya vitendo, ule mwaka ambao wagonjwa wanakuita daktari na wakubwa wako wanakuita "wewe". Wodini walimwita Dokta Mdogo. Alisikiliza kifua cha fundi upande wa kulia, akasikia hewa ikiingia na kutoka. Akahamia kushoto. Kimya.

"Pafu limesinyaa," alimwambia muuguzi wa zamu. "Hewa imenasa kifuani inalibana. Anahitaji kuwekewa mpira wa kuitoa, tena sasa hivi."

"Basi muwekee."

Dokta Mdogo aliitazama mikono yake. Mpira wa kifuani alikuwa ameusoma, ameuchora, ameujibia mtihani na kufaulu. Kuuweka, hajawahi. Mkuu wa upasuaji, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkuu wa mafunzo, alikuwa akiuweka mwenyewe. Kila mtu alimwita Bingwa, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa yeye mwenyewe. Bingwa alipoweka mpira, madaktari vijana walijipanga nyuma yake wakatazama mgongo wake. Siku yenye bahati uliona na kiwiko.

Aliwahi kumfuata ofisini kumwomba. "Bingwa, safari ijayo naomba niweke mimi, wewe unisimamie."

Bingwa alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Mwanangu, sisi tulijifunza kwa kuiba kwa macho. Nyinyi wa siku hizi mnataka kutafuniwa, mmeze tu."

Sasa alimpigia simu.

"Uko wapi wewe?" Bingwa alidakia kabla ya salamu. "Mgeni ameshafika, ukumbi una mapengo kama kinywa cha kibogoyo!"

"Bingwa, nina mgonjwa ameanguka kutoka juu ya paa, pafu la kushoto..."

"Muwashie oksijeni, njoo. Mafunzo haya ni kwa faida yenu. Asiyeonekana leo, mwisho wa mwaka asije kunililia habari za leseni."

Sheria ilikuwa hivyo. Daktari asiyekusanya pointi za mafunzo endelevu hapewi leseni, na pointi alizigawa Bingwa. Dokta Mdogo alikuwa na baba aliyeuza shamba ili yeye asome, na mama ambaye kila akipiga simu humwambia, "Vumilia, mwanangu, mvumilivu hula mbivu." Mama wa watu hakujua kwamba hapo hospitalini mbivu zina wenyewe. Alimwashia fundi oksijeni, akamsihi muuguzi amwite akiona mabadiliko yoyote, akaondoka. Mke wa fundi alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, kitu ambacho chumba cha upasuaji hakikuwa nacho. Mlangoni karani alikusanya simu zao kwenye kikapu, ili usikivu usiharibike. Jukwaani alisimama mgeni mwenyewe, mwakilishi wa kampuni ya dawa, kijana wa viatu vinavyong'aa ambaye hajawahi kumshika mgonjwa hata mkono. Mada ilikuwa tabasamu.

"Tabasamu la daktari ni nusu ya tiba!" alitangaza. "Sasa mgeukie jirani yako. Mpe tabasamu. La moyoni, jamani, siyo la kukopa!"

Ukumbi mzima wa watu waliosomea mwili wa binadamu mpaka macho yakavimba ukageukiana na kukenua. Mrefu, daktari kijana aliyekaa jirani na Dokta Mdogo, rafiki yake tangu chuoni, alimtolea meno yote kama mtu anayekaguliwa na daktari wa meno.

"Tabasamu, bwana," alinong'ona. "Pointi hizo zinapita."

"Nina mtu anakufa wodini, Mrefu."

"Nani hana?"

Mbele kabisa Bingwa alikuwa akimtabasamia mgeni, na mgeni akimtabasamia Bingwa. Hao hawakuhitaji mazoezi.

Mlango uligongwa. Karani aliuzuia kwa bega, lakini muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa kifua na sauti. "Niachie wewe! Dokta! Mtu wako anabadilika rangi!"

Dokta Mdogo alisimama. Alipita kati ya magoti ya watu mpaka kwenye kiti cha Bingwa, akainama. "Bingwa, ni yule wa kuanguka. Sijawahi kuweka mpira. Twende wote, nakuomba."

"Unaniaibisha mbele ya mgeni," alisema Bingwa bila kugeuza shingo, tabasamu likiwa palepale. "Nenda ukaanze. Nakuja."

Fundi alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mishipa ya shingo ilimtutumka kama kamba. Dokta Mdogo alichukua sindano ndefu akaichoma kifuani, upande wa kushoto, na hewa ikatoka kwa mluzi kama tairi lililotobolewa. Fundi alivuta pumzi, macho yakamrudi. Mkewe alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sasa tunaweka mpira," alisema Dokta Mdogo, akivaa glavu.

"Mwanangu," mke wa fundi aliuliza taratibu, "kazi hii ulishawahi kuifanya?"

"Nimeiona, mama."

Mama yule alimtazama usoni. Kisha akaushika mkono wa kushoto wa mumewe, akauinua juu ya kichwa ili daktari apate nafasi.

Vitabu vinasema upite juu ya ubavu, kamwe usipite chini yake, kwa maana chini ya ubavu ndipo ulipojificha mshipa wa damu. Sentensi hiyo Dokta Mdogo aliijua kwa ghibu. Vidole vyake havikuijua. Ngozi ilimshangaza kwa ugumu, nyama ikamshangaza kwa ulaini, na ule ubavu, ambao kitabuni umechorwa mweupe na kuandikwa jina, hapa ulikuwa kitu chenye utelezi kinachopanda na kushuka na pumzi ya mtu anayeugulia. Mpira uliingia. Hewa ikabubujika kwenye chupa. Muuguzi akasema, "Umeweza!" Wakampeleka kupigwa picha ya kifua, na picha ikaonyesha pafu likianza kufunguka.

Baadaye chupa ikaanza kuwa nyekundu.

Alituma mtu kwa Bingwa. Jibu likarudi kwamba yuko mezani na mgeni. Aliomba damu, akaambiwa mtunza damu naye yuko mafunzoni. Akamtuma tena muuguzi mwenyewe, naye akarudi akitweta. "Amesema umkandamize kidonda, anamalizia kula." Dokta Mdogo alikandamiza. Alikandamiza mpaka viwiko vikamfa ganzi, huku fundi akimwambia mkewe maneno ambayo hayakumhusu daktari, habari za ngazi aliyoiacha kwenye nyumba ya watu, kwamba isirudishwe kwa mwingine ila mwenyewe. Akanyamaza katikati ya neno.

Bingwa alifika akiwa bado na beji ya mafunzo kifuani. Alitazama maiti, akatazama chupa, akatazama saa.

"Nani alikuruhusu kushika kisu?"

Kikao cha uchunguzi kilikaa, Bingwa akiwa mwenyekiti. Dokta Mdogo alikwenda kikaoni akiwa amejiandaa kusema ukweli wote: kwamba alipita chini ya ubavu, kwamba aliukata mshipa, kwamba mikono yake iliua mtu ambaye ilikuja kumponya. Aliyasema. Yakamwagika mezani na hakuna aliyeyaokota. Kosa lile lilikuwa na swali nyuma yake, nalo ni nani aliyepaswa kumfundisha, na swali hilo halikuwa na kiti katika chumba kile. Walitafuta kosa lisilo na mwalimu. Wakalipata: daktari aliweka mpira upande usiofaa.

Mke wa fundi aliitwa kwa heshima ya kuonekana ameitwa.

"Mama, alimkata upande gani?"

"Huu." Aligusa ubavu wake wa kushoto. "Huohuo aliouangukia. Mkono niliuinua mimi mwenyewe."

"Ahaa." Bingwa alimwinamia kama anayeongea na mtoto. "Sasa mama, kushoto kwako wewe siyo kushoto kwetu sisi. Daktari anamtazama mgonjwa uso kwa uso. Mambo ya tiba yana utaalamu wake."

"Mume wangu alikuwa na kushoto kumoja tu, baba."

Mjumbe mmoja alikohoa. Bingwa akamshukuru mama kwa ushirikiano, akampa pole ya uongozi mzima, na mlango ukafunguliwa ili apite. Funika kombe, mwanaharamu apite. Na mwanaharamu mwenyewe alikuwa amekalia kiti cha kati. Hukumu ilikuwa kwamba Dokta Mdogo arudie mwaka, na kwamba ahudhurie mafunzo yote bila kukosa, kiti cha mbele.

Somo la kwanza la adhabu yake lilipewa jina *Kujifunza Kutokana na Makosa*, na mwalimu alikuwa Bingwa. Ukumbi ulijaa, maana pointi zilikuwa nono. Mpiga picha wa hospitali alizunguka akitafuta sura za watu wasikivu.

"Sitamtaja mhusika," Bingwa alianza, na vichwa vyote vikageukia kiti cha mbele. "Mgonjwa aliumia kushoto. Tazameni mpira uko wapi."

Picha ya kifua ikajaa kwenye pazia jeupe, kubwa kuliko mlango. Mpira ulionekana upande wa kulia, wazi kabisa. Ukumbi ukaguna.

Dokta Mdogo aliitazama. Alizijua mbavu hizo zilizovunjika. Kisha akauona moyo. Ulikuwa umelala upande wa kulia.

Alisimama. "Bingwa, picha imegeuzwa."

"Maswali mwishoni."

"Siyo swali. Moyo uko kulia. Hapana mtu humu ndani ambaye..." Aligeuka kuwatazama. Walikuwepo watu wa mifupa, watu wa watoto, watu wa macho, na wawili waliokuwa wakifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mahali moyo unapokaa. Kila mmoja alikuwa ameona. Alijua wameona kwa jinsi walivyoanza, wote pamoja, kusoma karatasi zao za ratiba.

"Binti ana uchungu, tumwelewe," alisema Bingwa kwa upole mwingi. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini sisi ni watu wa sayansi, hatubishani. Tupige kura. Anayekubali kwamba mpira uko upande usiofaa, anyooshe mkono."

Mikono ya safu ya nyuma ilitangulia. Ikafuata ya katikati, ikainuka mmoja mmoja, kisha kwa mafungu. Dokta Mdogo alimtafuta Mrefu. Mrefu alikuwa anachunguza kucha zake. Akazichunguza, akazichunguza, halafu mkono wake ukapanda nusu, ukasimama usawa wa sikio, kama wa mtoto anayeomba kwenda chooni.

"Juu kabisa, daktari," alisema Bingwa.

Ukapanda juu kabisa.

Mpiga picha alipiga, akatazama kamera yake, akatikisa kichwa. Aliwaomba radhi waheshimiwa wasiishushe mikono bado, taa ya kamera haikuwaka. Na kama wangeweza, wakati huu, watabasamu.