Tundu la Mpira

...robo tangi, labda haifiki robo, nimeligonga kwa kifundo cha kidole na limelia tupu mpaka chini ya magoti yangu, nifunge au nisifunge, mkono uko kwenye koki na koki imelowa, nje ya ukuta ndoo zinasogezwa, kra, kra, nazisikia tu maana kuona sioni, na nani alitaka hivyo kama si mimi, mimi niliyemwita fundi atoboe tundu ukutani apitishe mpira, watu wakinge kila Alhamisi bila kuingia, bila kunishukuru, shukrani zao zilikuwa zinanichosha, nikajisifu kwamba nimewasitiri, kumbe nimejisitiri mwenyewe... "Umeshafunga?" mume wangu huyo, kutoka jikoni, redio yake inasema mamilioni duniani hawana maji safi, naye anaongeza sauti, anasikitika kweli, watu wa mbali anajua kuwasikitikia, "Baba hajaogeshwa, ujue," najua, baba mkwe amelala ubavu mwezi wa pili, mgongo umeanza vidonda, asipooshwa asubuhi na jioni ngozi itatoka na shuka, na bomba la mtaa wiki ya tatu halitoi hata tone, basi funga, nani atakulaumu, nakaza koki kidogo, mpira unakohoa, na nje mtu anauliza, "Yamekatika?" mwingine anamjibu, "Si wanamwagilia maua," maua yenyewe yalishakufa, ungejua, halafu sauti ya tatu, ya chini, yenye mkwaruzo, "Msiwaseme jamani, wana mgonjwa ndani"... hiyo sauti naijua, ni Mama Pacha, Mama Pacha anayetufulia, alikuwa hapa hapa uani tangu asubuhi, akasuuza mashuka ya baba maji matatu, ndoo kwa ndoo nikimtazama kwa jicho baya, akayamwaga yote mtaroni, saa tisa akaomba kuondoka, "Nina shughuli kidogo, dada," nikanuna, nikasema shughuli gani hizo za kila Alhamisi, akacheka tu, kumbe shughuli ndiyo hii, kuzunguka ukuta kwenda kupanga foleni kwenye nyumba aliyotoka kumwaga maji, miaka minne hajasema naomba ndoo moja, na miaka minne sijamuuliza, nilidhani... sikudhani chochote, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nampa chai na mkate na usiku nalala fofofo, nifungue basi, nifungue yote, lakini mpira haumjui mtu, unammiminia aliye mbele, na sauti yake imetoka mwisho kabisa, kule kwenye kona, ndoo ishirini mbele yake, thelathini, zitamaliza tangi kabla hajafikiwa na kabla baba hajaoshwa, nimwite mlangoni, nimwite mbele ya wenzake, wajue ana mlango wake, je, kesho watamwacha apumue, na hao thelathini nao, kwani si kila mmoja wao ametoka kufulia mtu mahali... "Umefunga?" "Bado," "Bado nini?" sijui bado nini, nimeona aibu ghafla, aibu ya kutaka kukaa chini, nje ndoo inavutwa, kra, zamani ilikuwa ndoo tu, sasa kila kra ina mtu wake, "Tusubiri kidogo," Mama Pacha anawaambia kutoka kule mwisho, "watafungua, nawajua mimi, ni watu wazuri," na mkono uko kwenye koki, na koki imelowa...