Mabata Mia na Sitini wa Direktere

Mwezi wa nne bila mshahara, kampani ikasema italipa watu kwa mabata. Feza ilikuwa imekwisha kabisa, lakini kule Tshangalele kampani ilikuwa bado na shamba lake, na shambani mabata mia mbili.

Mama Madeleine, mfagiaji wa atelie ya mafundi, alimshukuru Mungu kwa sauti. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kwake Kikula kumposa binti yake Reine, na wakwe hawapewi nusu ya ndege. Wanaletewa mzima kwenye sahani: kichwa, miguu, firigisi, vyote wavione. Kikikosekana kimoja wananawa mikono, wanarudi kwao, na binti anabaki kwa mama yake.

Lori likafika. Lambert, karani wa mishahara, akafungua orodha ya vyeo na kuanzia juu, kama ofisi ilivyozoea. Kwa mshahara, Direktere, mkubwa wa kampani, alikuwa anapata sawa na wafanyakazi mia na sitini. Basi Lambert akamhesabia mabata mia na sitini. Naibu wake akapata thelathini. Wakabaki mabata kumi, na wafanyakazi walikuwa tisini.

"Watu tisa, bata moja," Lambert akatangaza, jasho likimtoka.

"Weye Lambert, Mungu anakuona!" akasema Kazadi, fundi wa mashine. "Minye nikule bawa, na bibi yangu akule manyoya?"

Mama Madeleine akapewa mguu. Si paja, mguu wenyewe, vidole na ngozi katikati. Akaufunga kwenye kitambaa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Direktere.

Direktere alifungua mlango mwenyewe, suruali imekunjwa mpaka magotini. Mabata walikuwa wanaogelea kwenye pisini, walikuwa kwenye viti vya sebuleni, mmoja amelala juu ya televizio kama yeye ndiye aliyeinunua. Bibi wa Direktere alikuwa amepanda gari kwenda Lubumbashi, akisema atarudi wakiisha.

"Baba Direktere, ninaomba bata moja. Wakwe banakuya siku ya Mungu."

"Mama, nikikupa moja nitabaki na mia na hamsini na tisa. Direktere wa mia na hamsini na tisa, ulimuona wapi? Kila mutu na cheo yake."

"Ni kweli, Baba. Na kama iko mia na sitini na moja?"

Direktere akashtuka. "Hiyo ni wizi! Minye sikulake kitu ya kampani!"

"Basi uhesabu, Baba. Nitangojea."

Akaketi kwenye ngazi, akafungua kitabu chake cha sala. Direktere akaanza kuhesabu. Mabata si watu wa kusimama mstari. Mara ya kwanza akapata mia na hamsini na nne, akakitazama kile kitambaa kwa jicho baya. Mama Madeleine akakifungua, akamwonyesha mguu. Direktere akaomba msamaha. Mara ya pili wakafika mia na arobaini, kisha mmoja akapita katikati ya miguu ya Direktere, na yeye akaingia pisini na viatu.

Mama Madeleine akafungua ukurasa mwingine.

Mara ya tatu sauti ya Direktere ikakatika. "Mia na sitini... na moja. Mama! Hii si yangu! Kamata, kamata mbio, mbele Lambert hajaona!"

Mama Madeleine akamkamata aliyenona.

Kesho yake asubuhi wafanyakazi themanini na tisa walikuwa mbele ya lango la villa, wameoga, wamevua kofia, Kazadi mbele yao. Walimwomba Direktere, kwa heshima kubwa, ahesabu tena kidogo.

Jumapili mama mkwe akageuza bata kwenye sahani, akaona kichwa, akaona miguu miwili, akachokonoa mpaka akaona firigisi. Akavuta bukari, ule ugali wa moto, karibu.

"Bamama, bata ya mafuta hivi mulitoa wapi?"

"Kwa Direktere," akajibu Mama Madeleine, akimwongezea mchuzi. "Ilimuzidia."