Ekrani ya Inchi Kumi

Mi Mukuna, mtu aliyechimba kobalti chini ya sebule yake mwenyewe na kujiona injinia, nilizunguka siku tatu kwenye duka la redio za motoka pale Manika. Kulikuwa na redio yenye ekrani ya inchi saba. Ningeichukua hiyo, ningebaki na pesa ya betri mpya. Na kulikuwa na ile ya inchi kumi, yenye kamera ya nyuma.

"Tata Glodi, nunua batri," mke wangu Tshiela alisema, akiniita kwa jina la mtoto wetu. "Hii motoka inakatalaka kuwaka."

Nikamwuliza kama amewahi kuona patron, bosi mwenyewe, anawaonyesha wageni betri.

Nikanunua ile ya inchi kumi, nikaifunga motokani. Sebule ilikuwa shimo, basi kila jioni tulikaa motokani kuangalia video za kwaya, injini imezimwa, majirani wamejaa madirishani. Kichwa kilinivimba.

Kisha bei ya kobalti ikaanguka, pesa ya betri ikakosekana, na serikali ikatuamuru kuhama mtaa wetu wa Kasulo kabla ya saa sita mchana. Tukapakia magodoro. Nikazungusha ufunguo: injini kimya, ekrani ikawaka vizuri sana.

Watu wakaja kusukuma. Mi nikabaki kwenye usukani, si ndimi patron? Nikabonyeza kamera ya nyuma. Muuzaji hakudanganya, picha ilikuwa safi kabisa: Tshiela, Glodi amefungwa mgongoni, anasukuma kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Tata Glodi," akaita, "unatuona muzuri?"

Nilimwona. Kwa inchi zote kumi.