Daktari Asiyeonana na Wagonjwa

Kaka mtu alikuwa mkandarasi, na sauti yake ilisikika ghorofa ya nne bila simu. Ndiye aliyemsomesha mdogo wake udaktari baada ya baba yao kufariki. Kwa hiyo binti huyo alipotangaza kwamba anarudi chuoni kusomea ubingwa wa patholojia, kaka alijiona ana haki ya kuhoji.

"Hiyo si ndiyo ya maiti?"

"Maiti ni kidogo tu, kaka. Kazi kubwa ni ya walio hai. Mtu akitolewa uvimbe, mimi ndiye ninayetazama kipande chake kwenye darubini na kusema kama ni saratani au siyo."

"Na huyo mgonjwa anakujua?"

"Hanijui."

"Sasa atakulipaje?" Kaka akageuka kumtafuta shahidi. "Wenzako wa upasuaji wanafungua kliniki, watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Wewe utapangiwa foleni na vichupa!"

Mama yao, aliyekuwa na cherehani mbele yake, alicheka mpaka uzi ukakatika.

Daktari hakununa. Kaka alikuwa na hoja. Ada peke yake ingetosha kununua kiwanja na kumwaga msingi, na mshahara aliokuwa akipata ungekatika kwa muda wote wa masomo. Akaanza kuulizia, kwa mabingwa waliokwisha kuingia kazini na kwa maabara binafsi. Aligundua kwamba kliniki za upasuaji mjini zilikuwa zinanyang'anyana wagonjwa walewale, ilhali mkoa mzima haukuwa na bingwa hata mmoja wa patholojia. Sampuli zilisafirishwa kwa basi, na majibu yalirudi mgonjwa ameshakonda kwa wasiwasi.

Akamweleza kaka yote bila kupaka rangi: miaka ya mwanzo daktari wa upasuaji angemwacha mbali kwa kipato; baadaye yeye angemkaribia, ila kumpita, pengine asingempita kamwe.

"Kwa hiyo unakiri utapata pungufu."

"Nakiri. Lakini nikisomea nisichokipenda, nitalipwa vizuri huku nimenuna maisha yangu yote. Hiyo nayo si gharama?"

Kaka alikuna kichwa. "Nitatoa nusu ya ada. Nusu nyingine jifunge kibwebwe."

Akajifunga. Aliuza gari lake, na kila wikendi akashika zamu kwenye zahanati. Mwaka wa tatu, wenzake wa upasuaji walipoanza kuhamia kwenye nyumba zao wenyewe, alikata tamaa. Alimpigia mama kumwambia anaacha.

"Acha, mwanangu," mama akajibu kwa upole. "Ila niambie kwanza, leo umeona nini kwenye hiyo darubini yako?"

Akaanza kusimulia. Alisimulia seli zinavyojipanga, zinavyoasi, na alivyozigundua kabla ya mwalimu wake, mpaka salio la simu likaisha. Kesho yake alikuwa darasani.

Alifaulu vizuri, na hospitali ya mkoa wao ikamwita. Mkurugenzi akamtajia mshahara uleule wa daktari wa kawaida. "Ndivyo bajeti yetu ilivyo," alisema.

Daktari hakusita. "Samahani, mkurugenzi. Mwaka jana mlitumia kiasi gani kupeleka sampuli nje ya mkoa?"

Mkurugenzi akamtazama mhasibu aliyekaa pembeni yake. Mhasibu akakohoa, kisha akataja. Kilikuwa kiasi cha kulipa mabingwa wawili na kununua darubini mpya.

"Mimi naomba cha bingwa mmoja tu," alisema daktari. "Na hiyo darubini."

Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka. Mkurugenzi akafuata, na mkataba ukaandikwa upya palepale.

Haikupita muda mrefu, simu ikalia maabara kutoka chumba cha upasuaji. Mgonjwa alikuwa bado mezani, tumbo wazi. Zamani wangemshona, wasubiri majibu, pengine wampasue tena. Safari hii kipande kilikuja mbio mikononi mwa muuguzi. Daktari akakigandisha, akakikata chembamba kama ganda la kitunguu, akainamia darubini. Akatazama kingo zote, akarudia, ndipo akanyanyua simu.

"Pembeni ni safi. Uvimbe wote umetoka. Mshoneni."

Upande wa pili wa simu, chumba kizima kikalipuka kwa shangwe. Yeye akakaa kwenye kiti chake, peke yake kati ya vioo na vichupa, akacheka kwa sauti kubwa.