Aliyevunja Kabureta ya Mzee

Gego alikuwa na hasira tangu Jumatatu, na hasira ya Gego haikuwa ya kupoa kwa maji ya kunywa. Inakaa naye mezani, inalala naye, asubuhi inaamka kabla yake. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu anatengeneza meno ya bandia, na pia kwa sababu akikung'ang'ania hang'oki.

Safari hii aliyemtibua ni mdogo wake wa kumfuata, fundi pikipiki, ambaye watu wote wanamwita Spana. Spana alikuwa amevunja kabureta ya pikipiki ya baba yao.

Usiseme "kabureta tu." Pikipiki ile ni ya kizamani, tangi limechubuka rangi pale magoti ya mzee yanapokaa, na vipuri vyake havipatikani tena dukani hata ukipiga magoti. Ndiyo iliyompeleka mama yao kujifungua wote wawili, ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwenye gereji ya mzee. Sasa mzee alikuwa amechoka, na alisema Jumapili atakabidhi funguo za gereji mbele ya mdogo wake. Hakuna aliyeuliza atampa nani. Spana alikulia pale, alikula pale, nusu ya akili yake ilikuwa pale.

Halafu Jumatatu pikipiki ikakutwa inavuja petroli sakafu nzima.

Ndani ya kabureta kuna boya dogo linaloelea. Petroli ikijaa, boya linapanda na kuziba njia. Boya limeshikwa na pini, na pini imepita kwenye viguzo viwili vyembamba. Kwenye kabureta ile pini inatokea upande mmoja tu. Ukiigonga kwa upande wa pili, kiguzo kinakatika kama biskuti. Mzee aliwafundisha wanawe jambo hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Hata Gego, aliyekimbilia meno, angeitoa pini hiyo huku amefumba macho.

"Nani kagonga hapa?" Gego aliuliza siku ile, kabureta ikiwa wazi mkononi.

"Mimi," Spana akasema.

"Upande gani?"

"Upande sio."

"Wewe?"

"Mimi, dada."

"Ukaona haitoshi, ukabandika gundi, ukafunga, ukanyamaza kama hujui kitu. Gundi hiyo inalegezwa na petroli, Spana. Ungechoma gereji na baba yako ndani yake."

Spana alitazama ndala zake. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, anapangusa miwani kwa pindo la shati, anapangusa tu.

"Imeshatokea," mzee akasema.

Baba yao mdogo hakuiacha nafasi hiyo ipite. Miaka yote alikuwa akiitolea macho gereji ile ili aivunje na kujenga fremu za maduka. Jumatano alikuja, akaketi, akavuta pumzi ndefu ya mtu mwenye uchungu na familia. "Kaka, mtu anayegonga pini upande sio, unamkabidhi gereji? Nipe mimi nisimamie." Akamgeukia Gego. "Au nasema uongo, mama?"

Gego akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, alikubali, kwa hasira zake. Mzee akasema basi, Jumapili funguo zitakwenda kwa baba mdogo. Spana alinyanyuka, akaenda kufagia gereji ambayo haikuwa tena yake.

Jumamosi mchana Gego aliipeleka kabureta kwenye chumba chake cha kazi. Si kwa ajili ya Spana, alijiambia. Pikipiki haikuwa na kosa. Alikuwa na kekee yake nyembamba ya kutobolea meno, alikuwa na vipini vya chuma anavyotumia kuunga jino kwenye kisiki chake, alikuwa na gundi ya chuma ya mirija miwili ambayo petroli haiiwezi. Alichukua kile kipande cha kiguzo, ambacho kilikuwa donge la gundi chafu, akaanza kukikwangua huku anamsema mdogo wake kimoyomoyo.

Gundi ikabanduka. Chini yake kulikuwa na uzi.

Uzi mweusi wa kushonea, umezungushwa mstari kwa mstari bila kupishana, na fundo limefichwa kwa ndani. Gego akaacha kukwangua.

Nyumbani kwao hakuna kilichovunjika kikabandikwa bila kufungwa uzi mweusi kwanza. Sikio la kikombe, mpini wa mwavuli, mkono wa miwani. Na anayefunga ni mmoja tu. Spana uvumilivu huo hana. Yeye kila kitu ni waya na koleo, na alikuwa akiucheka uzi huo tangu utotoni.

Hapo hasira ya Gego ikageuka, ikamtafuta mwenye kosa. Kuvunja si neno. Mikono inazeeka, nani asiyejua? Lakini kukaa kwenye benchi, unapangusa miwani yako safi, mwanao anatukanwa mbele yako kwa kosa lako, ananyang'anywa riziki mbele yako, na wewe unasema imeshatokea? Gego alinyanyuka, akatoka. Alimkuta Spana uani, anaosha mikono.

"Umeficha nini?"

Spana akaona ule uzi kiganjani mwake. Akafunga bomba.

"Ungemwona, dada. Alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili na bado inamcheza. Nilipoingia akaificha mgongoni kama mtoto."

"Kwa hiyo gereji iende?"

"Nitatafuta kibanda mahali. Yeye atabaki na nini? Kila kitu ameshatugawia. Amebaki na kuitwa fundi."

"Mjinga wewe," Gego akasema, na macho yakamjaa maji, jambo lililomkera zaidi. "Mjinga kabisa. Mimi nimekutukana wiki nzima."

"Nilisikia. Usimwambie mtu, tafadhali."

"Sitasema neno."

Na hakusema. Jumapili alipofika gereji, baba mdogo alikuwa tayari ameshanyoosha tepu, anapima upana wa mlango. Mzee alikuwa mezani na funguo mbele yake. Spana alisimama pembeni, mikono mfukoni. Gego akaweka kabureta mezani, kiguzo kimesimama wima, kimeshika. Kando ya funguo akaweka uzi. Gundi ilikuwa imeukausha, umebaki duara dogo jeusi, kama pete ya mdoli.

"Kabureta imepona, Baba. Hiki nilikikuta ndani."

"Kitu gani hicho?" baba mdogo akauliza kutoka mlangoni.

Spana alimkazia Gego macho, akitikisa kichwa taratibu. Mzee akautazama uzi. Akavua miwani, akaanza kuipangusa, kidole chake kikafika pale kwenye mkono wa miwani alipozungusha uzi uleule. Kikasimama hapo. Gego alijua akisema tu "si kitu" angemwokoa baba yake, na alikataa kulisema. Aliona jasho likimtoka mzee kwenye paji la uso, akamwacha nalo.

"Changu," mzee akasema mwishowe. "Niligonga mimi. Huyu alinikuta tu."

Tepu ilijikunja yenyewe mkononi mwa baba mdogo kwa kelele. Hakuna aliyemwangalia.

Mzee alisukuma funguo upande wa Spana. "Nimekuacha utukanwe," akasema. "Nimekaa hapa nikakuacha."

Spana hakuzigusa funguo. Alivuta kiti, akaketi karibu na baba yake, akachukua boya na pini yake, akaviweka kwenye kiganja cha mzee.

"Tuvirudishe, Baba. Wewe shika, mimi nitagonga." Akachukua nyundo ndogo. "Inaingilia upande gani?"

Gego akataka kumwambia Spana kwamba anajua vizuri sana inaingilia upande gani. Akameza. Mzee alinyoosha kidole kuonyesha, kidole kikamcheza mbele yao wote, na safari hii hakukificha.