Haya ya Mwisho

...na hapo ndipo penye tatizo, fomu ya kuomba ruzuku ina visanduku viwili tu, kimoja UTAFITI na cha pili KAZI YA UBUNIFU, na tiki ni moja, hawakuweka kisanduku cha mtu aliyekwama katikati, mwalimu wa lugha mwenye simu sikioni na mama yake ndani ya simu, na mama anasema, "Basi fundi bomba kaondoka zake, mimi huyo, nafungua mfereji, kimya, nafunga, maji haya hapa, yananirukia mpaka kifuani," na mwalimu anasema, "Ehee," huku mkono wa kulia uko kwenye kipanya na mshale umesimama juu ya UTAFITI, ambako tiki iko tayari tangu asubuhi, tiki nzuri, nyeusi, ya watu wazima, aliyoiweka kwa ushauri wa Asilimia, mwenzake wa ofisini, mwalimu wa takwimu ambaye hata ukimuuliza kama mvua itanyesha anakujibu kwa mafungu ya mia, na ambaye sasa hivi anamenya chungwa kwenye meza ya pili, taratibu, ganda moja refu, maana ganda likimkatikia njiani huona siku imeharibika... "Unanisikia lakini?" "Nakusikia mama, kakufungia kinyume." "Kinyume! Kulia kushoto, kushoto kulia, nimecheka mpaka nikakaa chini," na mama anacheka tena, kicheko chake kile kinachoanza kama mtu aliyepaliwa, na mwalimu anacheka naye, kwa raha kabisa, huku akisoma kwa mara nyingine kichwa cha maombi yake, Uchambuzi wa Mikakati ya Ufungaji wa Mazungumzo ya Simu, na kujiuliza nani kaandika maneno haya, jibu analijua, wameyaandika wawili, yeye na Asilimia, jana mchana kutwa, yeye akitaja kitu anachokipenda na Asilimia akikivika suti, watu wanavyoagana ikawa mikakati, mama akawa mtoa taarifa, na ile basi tu inanigusa ikawa pengo la kitaaluma, wakacheka hadi mkuu wa idara akachungulia kuuliza kuna harusi ya nani humu... na Asilimia anamtakia mema, hilo halina ubishi, anasema watafiti wanapewa ruzuku kila mwaka na wabunifu wanapewa pole, anasema weka majedwali, andika makala, upande cheo, mchezo wako utaandika ukistaafu, na anasema kwa upole kiasi kwamba huwezi hata kukasirika.

Kumbe kitu chenyewe ni kidogo, ni mchezo wa redio, nusu saa tu, watu wanaagana kwenye simu na hawamalizi kuagana, haya, haya basi, haya mama, haya salimia watoto, haya eh, halafu nilisahau kukwambia, neno lile lile linapanda na kushuka, haya ya kukubali, haya ya kununa, haya ya kumtoa mgeni mlangoni kwa adabu, haya ya mtu anayelia na hataki ujue, amekuwa akizisikiliza tangu utotoni kama wengine wanavyosikiliza ndege, na kwenye karatasi hazisemi kitu, ukiziandika zote ni moja, lazima zisikike, ndiyo maana anaitaka studio ya chuo, na waigizaji, na muhula mmoja bila insha za mwaka wa kwanza, na vyote hivyo vimekaliwa na kamati ya ruzuku, kamati ambayo mwaka juzi ilimkatalia kwa mstari mmoja, na mwaka jana, ah, mwaka jana, alipoandika kichwa kifupi cha mtu anayejiamini, Haya Katika Simu, kamati nzima, wasomi watupu, wakaisoma kuwa ile haya ya kuona aibu, ile wanayosema vijana wa leo wameizika, na mwenyekiti akaandika kwa mkono wake kwamba mada hii imechelewa sana, kizazi hiki hakina haya hata chembe, ila si suala la sanaa, ni la malezi, mwombaji akamwone mlezi wa wanafunzi... na mlezi wa wanafunzi naye hana dogo, hakusubiri kuonwa, akaja mwenyewe ofisini na daftari, akamwalika azungumze na wasichana wa bweni juu ya haya na simu za mkononi, na yeye kwa kukosa pa kutokea akaenda, ukumbi umejaa, wasichana wamenuna, akashika kipaza sauti, akasafisha koo, akasema, "Haya..." na ukumbi wote ukaangua kicheko, na yeye akacheka nao mpaka machozi, mlezi pale mbele kakunja uso kama ndimu, na katikati ya kicheko kile alijua kwamba mchezo wake uko hai, wale wasichana wameusikia, neno moja tu na wameusikia... "Nimwite aje aurekebishe?" "Nani, mama?" "Fundi! Hunisikii wewe." "Mwite." "Simwiti. Nimeshauzoea. Jana kaja jirani kunawa mikono, nikanyamaza makusudi, kalowa huyo!" na hapo mwisho wa sentensi sauti ya mama inakwaruza kidogo, imeanza mwaka huu, kama mlango unaodai mafuta, na mwalimu akiusikia mkwaruzo huo anaibana simu sikioni zaidi, kwa sababu sauti anayoitaka ndani ya mchezo wake hana mwigizaji yeyote wa kuitoa, iko hapa sikioni, na inazeeka, na mwaka huu kuna kanuni mpya, anayekataliwa mara tatu anapumzishwa miaka mitatu ndiyo aombe tena, na dirisha la maombi linafungwa mchana huu huu, na kwa tiki hii nzuri nyeusi ruzuku atapata, karibu hakika, ataipata ruzuku ya kutengeneza majedwali asiyoyataka, na mama atakuwa mtoa taarifa namba moja, umri, jinsia, idadi ya haya kwa dakika.

"Haya mwanangu," mama anasema, "nisikucheleweshe, uko kazini." "Haya mama." "Haya." "Haya basi." "Haya, na ule." "Haya," na baadaye kimya, kimya chao kile, si cha simu iliyokatika, ni cha mtu kukaa karibu, anasikia kwa mbali ule mfereji unadondosha matone kwenye ndoo, anasikia kandambili za mama zikiburuzwa, na mama naye bila shaka anasikia kisu cha Asilimia kwenye chungwa, na hakuna anayekata, hakuna anayekata kamwe, kwenye familia yao simu inakatwa na salio au betri, haijapata kukatwa na mtu, na ghafla mwalimu anashangaa kwamba amechambua haya za watu wote, za wapangaji, za wauza duka, za mkuu wa idara, na hajawahi kumuuliza, miaka yote hii, aliyemfundisha. "Mama, mbona hukati?" "Nikate nini?" "Simu." "Kwani nimekukera?" "Hapana mama, nauliza tu, tukishaagana, mbona huwa hukati?" "Makubwa! Nitakataje na wewe bado upo?" ...na mama anasema hivyo kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula kwa mdomo, kisha kama kakumbuka kitu anapunguza sauti, "Baba yako ndiye alikuwa wa kukata. Yuko huko safarini na lori lake, anapiga, haya moja, tuu, kaondoka. Hakuwa mbaya, alikuwa na haraka tu. Mimi ndiyo nabaki na simu sikioni, nasikiliza mtu hayupo. Basi nikasema, mimi mtu sitamfanyia hivyo," na mwalimu anamwona, mama kijana kwenye korido ya nyumba ile ya zamani, simu ya waya ukutani, amesimama na kanga begani, hasemi, na yeye mtoto anapita mbio na mpira akidhani mama bado anazungumza na baba, akanyamaza kwa heshima, mara ngapi alinyamaza kwa heshima pale, kumbe upande wa pili palikuwa patupu, na macho yanamjaa maji, ila si kwa huzuni, au huzuni ni kidogo tu, nyingine yote ni furaha, furaha ya mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta miwani na kuikuta puani, kwa sababu kile kipengele cha mwisho, Umuhimu wa Kazi Hii, kile walichokijaza jana kwa mchango katika nadharia na wadau na jamii kwa ujumla, mama kakijibu sasa hivi akiwa na kandambili miguuni.

Anafuta, mkono mmoja, herufi kwa herufi, wadau wanaondoka, nadharia inaondoka, na Asilimia anainua macho, "Unafuta nini? Dada, unafuta nini wewe?" "Umuhimu." "Mungu wangu," na mwalimu anachapa kwa kidole kimoja, Kuna watu ambao hawawezi kukata simu na wewe bado upo, ninataka wasikike, anaweka nukta, anapanda juu, anafuta Mikakati na Ufungaji vyote, anaandika Haya, Haya Basi, ili safari hii asiwepo wa kupotea, ingawa mwenyekiti yule haaminiki, na Asilimia keshafika nyuma ya kiti na chungwa mkononi, anasoma, anapumua kwa pua, "Sampuli yako watu wangapi?" ananong'ona, asije akasikika kwa mama kwenye simu. "Mmoja." "Mmoja!" anakuna kidevu. "Kajibu?" "Kajibu." "Basi asilimia mia," anasema, na kumwekea kipande cha chungwa pembeni mwa kipanya... "Unaongea na nani?" mama anauliza. "Na mwenzangu, mama, anakusalimia." "Mwambie marahaba," na mshale unapanda, unaiacha tiki nyeusi ya watu wazima, unagusa KAZI YA UBUNIFU, tiki inahama, imehama kirahisi hivyo, watakataa labda, miaka mitatu ni mingi, sauti itakwaruza zaidi, sawa, ikwaruze, kinasa sauti kipo kwenye simu hii hii, mchezo utafanyika hata jikoni kwa mama na mfereji ule unaoanza unapoufunga, hilo halikuwa kichwani mwake asubuhi na sasa limo, limekaa kama mwenye nyumba, kwa hiyo ruzuku anaiomba tu, uhai wa mchezo hauitegemei tena, anabonyeza TUMA, na kompyuta, mashine isiyo na mama wala baba, inamuuliza kwa adabu zote, Una uhakika unataka kutuma maombi haya? na mwalimu analiona lile neno la mwisho limekaa pale kwenye kioo, limetulia, kama lilikuwa linamngoja, kicheko kinampanda, kinaanza kama mtu aliyepaliwa, na anasema kwa sauti, "Haya," anabonyeza.

"Haya mwanangu," mama anaitikia, "haya basi... eh, halafu we, sijakwambia, fundi kasahau koleo lake hapa."

"Ehee," anasema mwalimu, na kula chungwa lake.